Spika Mbili kwa Masikio Mawili: Kuweka na Kutumia Redio ya Stirio Nyumbani

Katika mazungumzo haya twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kuweka nyumbani chombo kile ambacho watu wengi hukiita redio ya stirio, yaani redio yenye kikuza sauti chake ndani, na spika mbili zilizo mbali nacho. Chombo hiki si kigeni tena. Wako watu waliouza ng'ombe ili wakipate, wako waliokileta toka mjini juu ya basi, na wako waliokirithi kwa baba zao. Lakini katika nyumba nyingi tulizoingia tumeona spika zile mbili zimepandishwa moja juu ya nyingine kama magunia ya mahindi; au moja iko sebuleni na ya pili chumbani mwa watoto; au zote mbili zimefichwa nyuma ya kabati zisishikwe na vumbi. Mwenye nyumba husema chombo chake ni kizuri, nasi hatumpingi kwa kuwa tu wageni. Walakini amelipa bei ya spika mbili, naye asikia moja.

Yatupasa kwanza kujua kwa nini spika ni mbili. Keti kitini, ufumbe macho, umwambie mtoto atembee kimya kimya, mara kulia kwako, mara kushoto, akipiga kofi moja kila asimamapo. Utamwonyesha kwa kidole bila kukosea sana. Kisha ziba sikio moja ukajaribu tena. Mara utaanza kubahatisha.

Sababu yake ni hii. Sauti husafiri hewani mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde moja, na baina ya sikio na sikio pana nafasi isiyofika shibiri. Mtu akipiga kofi kulia kwako, sauti hulifikia sikio la kulia kwanza, kisha hulifikia la kushoto baada ya muda usiotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena sikio la kushoto hupata sauti iliyopungua kidogo, maana kichwa chenyewe kimelikinga, kama ukuta unavyokinga upepo. Muda huo ni mdogo mno, wala hakuna mtu awezaye kuuhesabu. Lakini ubongo huupima pasipo kuambiwa, ukatujulisha sauti itokako. Mchungaji asikiaye kengele ya ng'ombe aliyepotea kichakani huijua njia ya kuelekea kwa elimu hii, ijapokuwa hakufundishwa na mtu.

Redio ya spika moja haiwezi kutupa habari hiyo. Kwaya ya watu 30 hutokea yote mahali pamoja, kana kwamba waimbaji wamesimama nyuma ya mlango na kuimba kupitia tundu la ufunguo. Spika mbili, zikiwekwa vizuri, huufungua mlango.

Watu waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1881, katika maonyesho ya mambo ya umeme yaliyofanyika Paris, Mfaransa Clément Ader aliweka vinasa sauti vya simu mbele ya jukwaa la Opera, akavuta nyaya mpaka kwenye jumba la maonyesho. Wasikilizaji walishika vipokezi viwili, kimoja kwa kila sikio, wakaweza kutambua waimbaji wakienda huku na huku jukwaani. Lakini aliyelitengeneza jambo hili kwa taratibu ya ufundi ni Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI. Yasemekana kwamba alikuwa katika jumba la sinema pamoja na mkewe, akachukizwa kuona mchezaji yuko upande mmoja wa pazia, na sauti yake yatoka upande mwingine. Mwezi wa Desemba mwaka 1931 alipeleka ombi la kupewa haki ya uvumbuzi wake, na ndani yake alieleza pia jinsi mfereji mmoja wa santuri uwezavyo kuchukua sauti mbili, moja katika kila ukuta wa mfereji. Yeye mwenyewe hakuiona faida yake. Alikufa mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege aliyokuwamo ilipoanguka walipokuwa wakijaribu vyombo vya rada. Umri wake ulikuwa miaka 38. Makampuni makubwa ya Marekani na Uingereza hayakuanza kuuza santuri za namna hiyo mpaka mwaka 1958.

Kwa upande wa redio, Wamarekani waliukubali utaratibu wa kutangaza kwa stirio katika masafa ya FM mwaka 1961, na ndio utumikao hata leo katika nchi nyingi. Twapenda wanafunzi waufahamu, kwa kuwa ni hesabu ndogo iliyofanya kazi kubwa. Shida ilikuwa hii: kituo kikitangaza sauti mbili mbalimbali, mwenye redio ya zamani ya spika moja atapata nusu ya kwaya. Mafundi wakafanya hivi. Tuseme sauti ya kushoto ni 7 na ya kulia ni 3. Kituo hakitangazi 7 na 3. Hutangaza jumla yake, ambayo ni 10, na tofauti yake, ambayo ni 4. Redio ya spika moja husoma jumla peke yake, wala haikosi neno lolote. Redio ya stirio huchukua zote mbili: ikijumlisha 10 na 4 hupata 14, na nusu yake ni 7, ikitoa 4 katika 10 hupata 6, na nusu yake ni 3. Basi sauti mbili zimerudi kama zilivyokuwa.

Lakini ile tofauti huchukuliwa mahali pa juu kuliko jumla, ambapo kelele za hewani huiingia kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana kituo kilicho mbali kikisikilizwa kwa stirio huvuma kama mafuta yakaangwayo, na ukibonyeza kitufe kilichoandikwa MONO uvumi hupungua. Ufanyapo hivyo umeiacha tofauti na kushika jumla. Si ubovu wa redio, wala usimpelekee fundi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kugusa waya wowote, geuza chombo usome maandishi ya mgongoni. Umeme wa majumbani katika Afrika ya Mashariki ni wa volti 230 au 240; wa Japani ni volti 100, na wa Marekani volti 120. Vyombo vingi vilivyokwisha kutumika huletwa kwetu toka nchi za mbali, navyo vikichomekwa ukutani hivi hivi hutoa moshi kabla wimbo wa kwanza haujaisha. Vingine vina swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti. Vingine havina, navyo hutaka transfoma ya kushushia umeme. Tumemwona mzee mmoja aliyengoja miezi minane kupata chombo chake, akakitumia muda wa dakika mbili.

Kisha tazama nyuma ya spika. Utaona tarakimu, pengine 4, au 6, au 8, na kando yake alama mfano wa chungu kilichofudikizwa. Hiyo ni omu, kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Chombo nacho kimeandikwa omu zipi kizitakazo. Spika yenye omu chache kuliko zilizoandikwa huvuta umeme kupita kiasi, na chombo huunguza sehemu zake za ndani. Wenye mikahawa na waangalie hasa, maana hupenda kuongeza spika kila mwaka: spika mbili za omu 8 zikifungwa pamoja kwenye matundu yale yale huwa kama spika moja ya omu 4.

Zima chombo, uchomoe plagi, ndipo uanze kufunga nyaya. Menya ngozi ya waya kiasi cha sentimita moja, uzisokote nyuzi za shaba pamoja mpaka ziwe kama uzi mmoja. Unyuzi mmoja uliobaki nje, ukigusa tundu la pili, watosha kukiua chombo. Kila spika ina matundu mawili, jekundu na jeusi, na chombo kina mawili kama hayo kwa kila spika. Jekundu na lifungwe kwa jekundu, jeusi kwa jeusi.

Jambo hili la mwisho twalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita wanafunzi wa chuo chetu walichanga fedha, wakanunua kwa fundi mmoja wa mjini redio ya stirio iliyokwisha kutumika. Walitaka kuisikiliza kwaya yao wenyewe, ambayo ilikuwa imerekodiwa kwa maikrofoni mbili. Sisi walimu ndio tuliofunga nyaya, maana hatukuona vema kuwaachia wanafunzi. Spika zote mbili zikalia. Lakini ngoma iliyosikika vizuri siku ya kurekodi ilikuwa imetoweka; palibaki mlio mdogo kama mtu agongaye kibuyu. Na msichana aliyeimba peke yake katikati ya wenzake, sauti yake haikuwa katikati, wala kulia, wala kushoto; ilikuwa kama imo ndani ya kichwa cha msikilizaji. Tulivumilia karibu muhula mzima. Mwishowe tulimwandikia fundi barua kali, tukamwambia kwamba ametuuzia takataka na kwamba twataka fedha zetu. Na mbele ya wanafunzi tulimwita mwizi.

Fundi akaja kwa baisikeli. Hakugombana. Aliomba kiti, akasikiliza wimbo mmoja mpaka mwisho, akainuka, akaenda nyuma ya spika ya kushoto, akabadilisha nyaya mbili, ya huku ikaenda kule. Alipowasha tena, ngoma ile iliingia chumbani kwa kishindo, na msichana akasimama katikati ya ukuta mahali pasipo na spika.

“Chombo ni kizima, mwalimu,” akasema. “Ni waya uliogeuzwa.”

Tulimwomba radhi mbele ya wanafunzi wale wale waliotusikia tukimwita mwizi. Akatuuliza kama tuna uzi mwekundu. Alifunga kipande kwenye ncha moja ya waya upande wa chombo, na kipande kingine kwenye ncha ya waya ule ule upande wa spika, ili tusikosee tena. Nyuzi zile ziko hata leo.

Yaliyotupata ni haya. Ndani ya spika mna kiwambo, mfano wa ngozi ya ngoma, ambacho husukuma hewa mbele na kuivuta nyuma. Nyaya zikiwa sawa, viwambo viwili husukuma pamoja na kuvuta pamoja. Waya wa spika moja ukigeuzwa, kimoja husukuma wakati mwenziwe avutapo, nao hubatilishana, kama watu wawili washikao ubao mmoja, huyu asukuma na huyu avuta. Sauti nzito ndizo zipoteazo zaidi, kwa sababu mawimbi yake ni marefu: sauti ya mitetemo 50 kwa sekunde ina wimbi la mita 7 hivi, basi spika zilizoachana mita 2 ni kama ziko mahali pamoja mbele yake. Sauti nyembamba zina mawimbi ya sentimita chache, nazo hazibatilishani kwa namna hiyo, huchanganyikiwa tu. Ndiyo sababu hatukushuku kitu. Tulidhani kwamba spika iliayo ni spika nzima.

Kama rangi za matundu zimefutika, chukua betri ndogo ya volti 1.5 wakati spika imefunguliwa kutoka kwenye chombo. Gusisha nyaya mbili za spika kwenye ncha za betri mara moja tu, huku mwenzako akikitazama kiwambo kikubwa. Kikitoka nje, waya uliogusa ncha chanya ndio wa tundu jekundu. Kikiingia ndani, ni kinyume chake.

Baada ya nyaya, mahali. Spika ziachane mita 2 hivi, nawe uketi mita 2 kutoka kwa kila moja, hata wewe na spika mfanye pembetatu yenye pande tatu sawa. Pima kwa kamba, macho hudanganya. Ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo kwa kawaida huwa juu ya ile kubwa, iwe sawa na masikio yako unapoketi. Wala usiziegemeze ukutani au kuzisukuma pembeni mwa chumba, maana ukuta huizidisha sauti nzito mpaka maneno yafunikwe. Anza na nusu ya mita kutoka ukutani, kisha sogeza kidogo kidogo ukisikiliza. Chumba chenye sakafu ya saruji na bati lisilo na dari hurudisha sauti kama pango. Mkeka sakafuni na pazia nzito dirishani vitakusaidia kuliko fedha utakazolipa kununua spika nyingine. Sisi tulitundika mablanketi mawili ukutani, mkuu wa chuo akacheka, kisha akaja kusikiliza.

Ili kujua kama mambo ni sawa, tia sauti ya mtu mmoja asemaye, habari au hotuba, ubonyeze MONO. Sauti yapasa kutoka katikati kabisa baina ya spika mbili. Ikielemea upande mmoja, tazama kwanza kitufe kiandikwacho BALANCE. Pengine mtoto amekizungusha.

Lakini tuseme kweli: pembetatu ile ina kiti kimoja kilicho bora, au viwili. Aketiye karibu na spika ya kulia husikia ya kulia karibu peke yake. Chumba kikiwa na wageni 20, au darasa zima, ni afadhali kubonyeza MONO ili wote wapate maneno yote. Katika chuo chetu kiti cha katikati hupewa kila mwanafunzi kwa zamu ya wimbo mmoja.

Juu ya matundu ya nyuma hatutasema mengi. Lililoandikwa PHONO ni la mashine ya santuri peke yake, kwa kuwa sindano ya santuri hutoa umeme mdogo sana, na tundu hilo huukuza mara nyingi kabla ya kuupeleka mbele. Ukichomeka humo simu ya mkononi au mashine ya kanda, sauti itanguruma na kukwaruza. Hizo zina matundu yake, kama AUX au TAPE. Mashine ya santuri nayo ikitiwa katika AUX hulia kama mbu, isipokuwa ina kikuza sauti chake ndani.

Eriali hudharauliwa, nayo ndiyo sikio la redio. Vituo vya FM viko baina ya megahezi 87.5 na 108, na wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Eriali ifaayo ni nusu ya wimbi, yaani mita 1.5 toka ncha hata ncha. Ndiyo ile yenye umbo la herufi T ambayo huja pamoja na chombo, na watu huiacha imekunjwa ndani ya mfuko wake. Inyoshe, uipigilie ukutani mahali pa juu, upana wake ukielekea kituo. Mawimbi haya hayapiti mlima. Anayekaa bondeni aiinue juu ya mti au mlingoti kabla hajalaumu watangazaji.

Kuhusu ukubwa wa sauti, watu hudanganywa na wati. Chombo cha wati 100 hakilii mara kumi ya chombo cha wati 10. Masikioni ni kama mara mbili tu. Tena spika haziunguzwi na chombo chenye nguvu peke yake. Chombo kidogo kikilazimishwa mpaka sauti ikwaruze huua spika ndogo za juu upesi. Usikiapo mkwaruzo, rudisha sauti nyuma papo hapo. Na masikio nayo hayana duka. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma, na kila ziongezekapo desibeli 3 muda huo upunguzwe kwa nusu. Asiye na kipimo na atumie hiki: ikiwa hapana budi kupaza sauti ili mtu aliye karibu nawe akusikie, imezidi.

Kabla ya kuwasha, rudisha kitufe cha sauti mpaka mwanzo. Umeme ukikatika, chomoa plagi, usingoje urudi, maana mara nyingi hurudi kwa nguvu kupita kiasi. Taa zikishatulia dakika chache ndipo uchomeke tena. Na wingu la mvua likitanda, chomoa plagi pamoja na waya wa eriali, hasa ikiwa eriali yako iko juu ya mti, kabla radi ya kwanza haijasikika.